Tanqueray au Beefeater: ipi ina junipa ya ukweli ukiionja kavu?

kionja_taratibu: Wakuu nataka chupa moja tu ya pombe ya jini ya kizamani, ile ambayo junipa (kitunda kinachoipa jini harufu yake) inakupiga puani kabla hujafikisha glasi mdomoni. Nimebaki na hizo mbili. Jana nimezionja bila toniki zikiwa zimetoka friza moja kwa moja na kusema ukweli sikuona tofauti, baridi halafu moto kooni basi. Nakosea wapi?

BintiLimau: Friza ndo imekuponza. Baridi inaficha harufu. Mimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, iache ubaridi uishe, kisha tia maji kijiko kimoja kimoja. Na usizamishe pua kama unanusa mchuzi, spirti itakuchoma bure, pitisha juujuu tu mdomo wako ukiwa wazi kidogo. Tanqueray ina viungo vinne tu, junipa, mbegu za giligilani, mzizi wa anjelika na susu, hakuna ganda la tunda hata moja, ndo maana ule utomvu kama wa msonobari unakuja wenyewe bila kusindikizwa. Mimi kura yangu hapo.

mzee_wa_toniki: Mi nakataa 😂 Beefeater viungo 9, ganda la limau na la chungwa chungu yamo, vinalowekwa saa 24 kwenye spirti ndo mtambo unawashwa. Junipa yake imechangamka. Ya Tanqueray kavu mno, inabaki nyuma ya ulimi kama umetafuna kijiti.

BintiLimau: Hicho kijiti ndo tunachokitafuta mzee!

lebo_kwanza: Kabla hamjagombana someni asilimia ya kilevi. Tanqueray zipo za 43.1 na zipo za 47.3, Beefeater ya 40 iko kibao. Ukiweka 47.3 na 40 meza moja hapo unapima ukali sio junipa. Sawazisheni na maji kwanza.

kionja_taratibu: Nimerudia, bila friza, na maji nimesawazisha. Aisee. Beefeater imefunguka mapema, chungwa mbele junipa ikifuata. Tanqueray nusu ilinishinda mwanzoni, ikatulia kijiko cha tatu. Ila kilichonimaliza ni leo asubuhi, glasi zilikuwa hazijaoshwa, ya Beefeater hainuki kitu, ya Tanqueray bado msonobari mtupu. Huyu jini hatoki kwenye chupa hata akishatoka. Nachukua Tanqueray.

mzee_wa_toniki: Sawa, ile Beefeater iliyobaki nitumie mimi.