Riwaya za mauaji ya enzi zile, mpelelezi mwanamke, nipeni nyingine

Mwana_Uyole: Wakuu poleni na baridi. Huku Uyole ikifika saa moja usiku hakutokeki, ni blanketi na kitabu tu. Nimemaliza The Widows of Malabar Hill ya Sujata Massey, Bombay ya 1921, mpelelezi ni Perveen Mistry, mwanasheria wa kike kipindi ambacho hata kusimama mahakamani haruhusiwi. Kilichonimaliza ni hiki, wajane watatu wanaishi ndani hawaonani na mwanaume wa nje, mtu anauawa humohumo, sasa polisi watamhoji nani na kwa mlango upi? Anayeweza kuingia ni yeye tu. Mi nimekulia kwa riwaya za Willy Gamba na Bwana Msa, wapelelezi wote madume. Nani ana nyingine za hivi?

MamaMafinga: Mdogo wangu tafuta Mistress of the Art of Death ya Ariana Franklin. Cambridge, karne ya 12, watoto wanauawa, Wayahudi wanasingiziwa, na mfalme Henry wa Pili roho inamuuma zaidi kwa sababu kodi yao inapotea, anaagizwa mtaalamu wa kuchunguza maiti kutoka Salerno kule Italia, kumbe ni mwanamke, Adelia. Akijulikana ni daktari ataitwa mchawi, so mtumishi wake Mansur ndo anajifanya daktari, yeye yuko pembeni anafanya kazi yote. Ila sehemu za watoto zinatisha, mi niliziruka.

Kijana_wa_Kalenga: Mi hizi naonaga ni chumvi. Mwanamke mpelelezi zamani hizo alikuwa wapi? Wanachomeka mambo ya leo tu.

MamaMafinga: @Kijana_wa_Kalenga baba, Kate Warne aliajiriwa na Pinkerton, kampuni ya upelelezi kule Chicago, 1856, upelelezi kamili sio kupika chai. 1861 Lincoln, rais mteule wa Marekani, alipopitishwa Baltimore usiku kukwepa kuuawa, huyo mama alisafiri naye akidai ni kaka yake mgonjwa. Nani angemshtukia?

Chunya_Mjini: Hapo kwenye nani angemshtukia ndo penyewe. Mi nangoja mtu aandike ya huku kwetu, Chunya miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa imechanganya, watu wamejaa toka kila kona, na mpelelezi awe mama muuza kimpumu, ile pombe ya kienyeji. Yule anasikia kila kitu, nani ana deni, nani kaokota dhahabu akanyamaza, na askari wa mkoloni hamhesabu hata kama mtu. Wanaume wamezunguka chungu kimoja wanavuta kwa mirija, mmoja anadondoka, wenzake wazima. Askari anamwaga chungu, mama anaokota mrija.

Kijana_wa_Kalenga: Duh. Ila kama kila mtu anakuja na mrija wake si lazima muuaji awe mtu wa nyumbani kwake?

Chunya_Mjini: Au aliyemuazima, siku hiyo kasahau wake 😂

Mwana_Uyole: Andikeni basi wakuu. MamaMafinga hicho cha Cambridge unaazimisha? Mwanjelwa kwenye vitabu vya mtumba nimezunguka sijakiona.