Mjadala: Ufuo wa Kisumu tumtengee mgeni yupi?

JaKisumo:

Naleta hoja, na tafadhali mnisome hadi mwisho kabla ya kunirushia mawe. Swali langu ni hili: ufuo wetu tumpangie mgeni anayekuja kwa ndege, au anayekuja kwa matatu? Kila yanapozungumzwa mambo ya kupanga jiji kwa ajili ya utalii, nasikia hoteli, mikutano, wawekezaji. Sijasikia choo. Juzi Jumapili nilimpeleka shangazi yangu ufuoni kutazama jua likizama, mama wa miaka sabini na kitu, katoka Butere na wajukuu wanne. Walipanda boti, wakala ngege, yaani tilapia, wakapiga picha na kila aliyesimama karibu. Magharibi ilipoingia shangazi akaninong'oneza jambo sikioni, na jibu langu likawa kusimamisha tuktuk turudi nyumbani mbio. Pesa zote ambazo wangetumia jioni ile, za soda, za muziki, za mahindi choma, tulirudi nazo mtaani kwetu Manyatta.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeiachia serikali kuu sera ya utalii, lakini utalii wa mashinani ikaukabidhi kaunti, tena katika fungu lilelile la masoko na leseni za biashara. Mimi nalipenda fungu hilo. Utalii wa aina hii ni jirani ya soko, si ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo hatuna haja ya kungoja Nairobi, jiji linaweza kuamua leo.

Na mgeni mwenyewe anakuja bila hata tangazo. Anashuka basi la usiku Desemba. Anakuja matangani Ijumaa, na Jumapili hataki kuondoka kabla hajala samaki. Anatoka Eldoret, Kericho, Kakamega, na watoto ambao hawajawahi kuona kiboko. Halafu kila mpango unaanza kwa kumhamisha yule anayempikia.

Lwang'ni mnaikumbuka, vile vibanda vya samaki ufuoni. Kwa asiyejua Kidholuo, jina lenyewe maana yake ni nzi, na nzi hawakutuzuia. Mbunge, makanga na bwana harusi walikaa benchi moja wakala kwa mikono. Vibanda vikabomolewa kupisha ufufuaji wa bandari. Bandari naitaka, meli nazitaka. Lakini mbona mpishi ndiye huonekana wa mwisho kwenye ramani? Mimi ningesema: kabla ya kukaribisha hoteli yoyote mpya kando ya ziwa, wapishi wa samaki wapewe nafasi zao kwa maandishi.

Mkaazi wa Milimani:

Nitatukanwa lakini nitasema. Lwang'ni mnaisifu kwa sababu imekwenda, kama marehemu. Magari yalikuwa yakiingizwa ziwani hadi magurudumu yanapotea, yanaoshwa pale pale, oili inaelea, na hatua ishirini kutoka hapo mtu anakaangiwa samaki. Maji ya vyombo yalikwenda wapi? Na huyo samaki wenu, tuambiane ukweli, si kila ngege wa Kisumu ameogelea ziwa hili. Wengine wametoka China wakiwa kwenye katoni, wamegandishwa.

Mikutano nayo msiidharau. Mei 2022 tulipokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, mara ya kwanza mkutano ule kufanyika katika jiji la ukubwa wa kati. Nina nyumba chache za kupangisha, zote zilijaa, na waliofua mashuka, walioleta maziwa na walioendesha magari walilipwa. Shangazi wa Butere simchukii, ila anakuja na uji wake kwenye chupa.

Dereva wa Tuktuk:

Mkutano ulikuwa kuanzia tarehe 17 hadi 21. Nakumbuka vizuri kwa sababu nililipa deni la pikipiki ya ndugu yangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wale walikaa tano na jembe hawakupewa. Siku ya sita nikarudi kubeba nyanya soko la Kibuye. Mwaka uliotangulia ilikuwa hivyo hivyo, sherehe ya kitaifa ya Siku ya Madaraka ilipofanyika hapa: furaha, barabara safi, kisha kimya. Mimi wote ni abiria wangu, ila shangazi wa JaKisumo ninambeba mara nne kwa mwaka. Yule wa mkutano nilimbeba mara moja.

Mwalimu wa Maseno:

Ndugu JaKisumo, hoja yako nzuri lakini umeteleza mahali pamoja. Unasema jiji linaweza kuamua leo. Tembea ufuo wenyewe uhesabu. Bandari si ya kaunti. Ardhi ya reli si ya kaunti. Ile hifadhi ya swala, ambayo eneo lake halifiki hata nusu kilomita ya mraba, iko chini ya KWS, shirika la taifa la wanyamapori, tangu 1992, na kisiwa cha Ndere ni mbuga ya taifa tangu 1986. Ukitoa hayo yote, kinachobaki mikononi mwa jiji ni vipande. Mpango wowote unaochora ufuo mzima kama shamba la mwenye mji mmoja utaishia kwenye kabati.

Kuna jambo zito zaidi ambalo Milimani amelipita karibu sana. Ghuba ya Winam, sehemu hii ya ziwa iliyo mbele ya mji wetu, haina kina, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu ni mwembamba. Tunachomwaga humu kinakaa humu. Mto Kisat unapita katikati ya mji na kubeba uchafu wetu hadi ziwani, mito ya juu nayo inaleta mbolea ya mashamba, na hicho ndicho chakula cha magugu maji. Tumekuwa tukiyapiga vita tangu miaka ya 1990, kwa wadudu, kwa mashine, kwa mikono. Upepo ukigeuka yanarudi. Unaweza kujenga njia ya kutembelea ya marumaru kando ya ziwa, na asubuhi mgeni akaamka akatazama shamba la kijani.

Ajabu ni kwamba dawa mojawapo tunayo, na tunaifukia kwa udongo. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga huchuja maji kabla hayajaingia ziwani. Humo anaishi ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano, ambaye huishi kwenye mafunjo tu. Wapo watu wanaovuka bahari kumtafuta huyo. Nimewaona wamekaa ndani ya boti saa mbili kimya, darubini machoni, na vijana wanaowaongoza ni wa pale pale Dunga. Mgeni kama huyo hakuombi lifti wala ghorofa. Anataka usikate mafunjo. Sasa yeye ni mgeni wa kuja kwa ndege au wa matatu? Swali lako halina nafasi yake.

Mama Ngege:

Mwalimu asante, hayo magugu mimi nayajua kuliko redio. Yakifunga, boti hazitoki, navua aproni naenda nyumbani. Hakuna anayenilipa siku hiyo.

Milimani, baba, nisikilize bila hasira. Maji yangu ya vyombo namwaga shimoni kwa sababu hakuna mfereji. Nikiwekewa mfereji nitautumia. Ukiniambia mimi ni mchafu halafu mfereji ukapelekwa kwenye hoteli peke yake, hapo tunachezeana. Na samaki wa katoni nikimpika namwambia mteja, bei yake ni nyingine.

Mgeni kutoka Nakuru:

Hodi wenyeji. Sisi jiji tulitangazwa Desemba 2021, na mbuga yenye vifaru iko mlangoni kabisa, ukuta kwa ukuta na mitaa yetu. Mnajua mtalii anafanyaje? Anatoka Nairobi alfajiri, anaingia getini, analala lojini ndani ya mbuga, anatoka, anaondoka. Tiketi ni ya KWS. Narok wao Maasai Mara inasimamiwa na kaunti, kwa hiyo wana cha kuhesabu. Sisi tunauza maji ya chupa kwa dereva wake.

Halafu Ziwa Nakuru likapanda, likameza hadi geti kuu la zamani, flamingo wengi wakahama kwenda Bogoria. Msijenge kila kitu juu ya kitu kimoja kinachoweza kuruka.

Mkaazi wa Milimani:

Hapo kwenye kupanda kwa ziwa ndipo nilipotaka mfike. 2020 Ziwa Victoria lilipanda likaingia mashambani na kwenye fuo zenu. Mama Ngege akipewa nafasi kwa maandishi hatua kumi kutoka majini, karatasi itaelea. Hoteli kubwa ina injinia na bima.

JaKisumo:

Mwalimu, nakubali, "leo" nilisema kwa mdomo mrefu. Nirekebishe: jiji lianze na vile vipande lilivyo navyo. Vyoo, taa, mfereji, gati imara, jaketi za uokozi kwenye kila boti. Hivyo havihitaji ruhusa ya waziri. Na Milimani ana haki kuhusu maji kupanda, vibanda visogee nyuma ya mstari wa 2020. Lakini basi na hoteli isogee nyuma ya mstari huohuo, kwa kipimo kilekile. Utakubali?

Mkaazi wa Milimani:

Nitakubali kama kuosha magari nako kutapigwa marufuku, bila kuleta siasa za "vijana wetu watakula wapi".

Dereva wa Tuktuk:

Vijana wapewe mahali pa kuoshea palipo na shimo la kunasa oili, mbona ni rahisi. Mimi tuktuk yangu huoshwa wapi, mnafikiri?

Mama Ngege:

Mnakubaliana vizuri hapa, lakini kikao chenyewe cha kutoa maoni hufanyika lini? Kile nilichowahi kualikwa kiliwekwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, ukumbini mjini. Saa nne boti zimeshuka, nina mbuta, yaani sangara, mezani na mteja wa jumla anataka kuondoka na barafu yake. Nilimtuma binti yangu, akaandika jina, akapewa soda, akarudi.

Kifanyike hapa ufuoni, Jumapili saa tisa, shangazi wa JaKisumo akiwepo. Viti ninavyo.