Re: Kuhamia Auburn, Alabama, mwezi wa nane

Kutoka: Dodoma

Wanajumuiya, salaam. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Auburn, nakuja na mke wangu na mtoto wa miaka mitatu. Naomba mwongozo wa nyumba, usafiri na chakula. Ramani inaonyesha mji mdogo tu, sijui nijiandae vipi.

---

Kutoka: Opelika

Karibu kaka. Nianze na nyumba maana hapo ndipo wageni wengi huumia. Mji unafuata kalenda ya chuo: mikataba mingi huanza katikati ya Agosti na kuisha mwisho wa Julai. Anayebaki mjini akihamia nyumba nyingine hujikuta hana pa kulala kwa wiki mbili katikati, hivyo uliza tarehe kamili za kuingia na kutoka kabla ya kusaini. Nyumba za karibu na chuo huanza kugombewa Oktoba na Novemba ya mwaka unaotangulia. Ukitafuta Juni unaokota zilizobaki.

Soma tangazo vizuri: bei ni ya nyumba au ya kitanda? Maghorofa mengi ya wanafunzi hukodisha kwa kitanda, yaani chumba kimoja ndani ya nyumba ya vyumba vitatu au vinne, na wenzako wanapangwa na ofisi. Familia haikai humo. Tafuteni nyumba nzima, na angalieni Opelika, mji pacha ulio jirani upande wa mashariki.

Sheria ya Alabama hairuhusu dhamana, yaani fedha unazomwachia mwenye nyumba mpaka utoke, izidi kodi ya mwezi mmoja, isipokuwa nyongeza kwa mambo kama mnyama wa kufuga. Mwenye nyumba ana siku 60 za kuirudisha baada ya wewe kutoka. Piga picha kila kona siku ya kuingia, na siku ya kutoka mwachie anwani mpya kwa maandishi.

Kitu kingine: msizime kiyoyozi mkisafiri wakati wa joto. Unyevu wa huku huotesha ukungu kwenye viatu na nguo kabatini ndani ya siku chache. Kiacheni kwenye nyuzi 78 za Fahrenheit, sawa na kama 25 na nusu za Selsiasi.

---

Kutoka: Montgomery

Naongeza usafiri. Auburn bila gari ni mateso kwa mwenye mtoto. Mabasi ya chuo, Tiger Transit, yanafaa kwa kwenda chuo, lakini ratiba hupungua sana likizo, na hayakutengenezwa kwa ajili ya kubeba viroba kutoka dukani.

Ukihamia Alabama una siku 30 za kubadili leseni ya udereva. Gari ukilinunua hapa, ulisajili ndani ya siku 20, ofisi ya kaunti. Mwezi wa kulipia namba kila mwaka unapangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo: M ni Juni, K ni Agosti, S ni Septemba. Ukinunua gari Aprili na jina lako linaanza na M, usishangae kudaiwa tena Juni. Jimbo halina ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kwa hiyo magari mabovu yanauzwa yakiwa barabarani kihalali kabisa. Mlipe fundi asiyehusika na muuzaji alikague kwanza.

Halafu saa. Auburn iko nyuma ya Atlanta kwa saa moja, na uwanja wa ndege mnaoutegemea ni wa Atlanta. Ndege ya kimataifa ya saa kumi jioni, ondokeni Auburn saa nne asubuhi: saa mbili za barabara kuu ya I-85, saa moja inayopotea mpakani mwa Georgia, na saa tatu za foleni. Simu hubadilika yenyewe, ila karibu na mpaka huyumba, nayo kengele ya kuamka inayumba nayo.

---

Kutoka: Clarkston, Georgia

Mwambie shemeji asibebe unga kwenye begi. Maduka ya Kusini yana unga mweupe wa mahindi tele, tatizo ni kuchagua. Pakiti ikiandikwa "self-rising" au "mix" ina chumvi na baking powder. Ugali utatoa povu, utakuwa wa chumvi na hautashikana. Chukueni yenye neno "plain", nyeupe. Chembe zake ni kubwa kuliko za sembe, hivyo pikeni uji kwanza uchemke dakika saba hivi ndipo muongeze unga. Maji vikombe viwili, unga jumla kama kikombe kimoja na nusu.

Mboga msihangaike. "Collard greens" ni sukuma wiki yenyewe, majani mapana na magumu kidogo. Toeni mshipa wa katikati, kateni nyembamba. Tamu zaidi ni baada ya baridi kali, Desemba hadi Februari. Bamia na kunde zipo, na kando ya barabara huuzwa karanga mbichi za kuchemsha na maganda yake. Ila mgahawani ulizeni: sukuma, maharage na hata kabichi hupikwa na nyama ya nguruwe, na mhudumu hataitaja kwa sababu kwake hiyo bado ni mboga.

Kisamvu cha barafu, mawese na dagaa njooni huku, Wakongo na Warundi ni wengi. Mihogo na ndizi za kupika zipo Your DeKalb Farmers Market, Decatur. Bebeni sanduku la barafu, na kumbukeni maduka yetu hufuata saa za Georgia, hivyo kwa saa zenu hufunga saa nzima mapema.

---

Kutoka: Auburn

Hakuna aliyetaja mpira, yaani ule wa Kimarekani! Uwanja wa chuo, Jordan-Hare, unaingiza watu 88,043, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 76,143 tu. Mechi za nyumbani ni kama saba, Jumamosi, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba. Ijumaa ya kabla ya mechi toeni gari kwenye maegesho ya chuo yaliyotangazwa, la sivyo linavutwa na mnalipia. Manunuzi fanyeni Alhamisi. Uwanjani mkoba uwe wa plastiki angavu, usizidi inchi 12 kwa 6 kwa 12.

Mtu akikwambia "War Eagle", salamu ya mashabiki wa Auburn, jibu hivyo hivyo. Na msiwatanie kuhusu mialoni ya Toomer's Corner, kona ya mjini wanaposherehekea ushindi: ile ya zamani ilitiliwa sumu baada ya mechi na wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Alabama, mwaka 2010, ikang'olewa 2013. Kuulizwa mnasali kanisa gani ni salamu tu.

---

Kutoka: Dodoma

Asanteni mno. Tumeona nyumba ya trela nje ya mji, bei nusu. Tuichukue?

---

Kutoka: Opelika

Bei hiyo ina sababu. Tarehe 3 Machi 2019 kimbunga cha daraja la EF4, la pili kwa ukali kutoka juu, kilipita Beauregard, kusini ya hapa, wakafa watu 23, wengi wakiwa kwenye nyumba za aina hiyo. Mkiichukua, mpango uwe kuondoka mapema: tangazo la "Tornado Watch" (kimbunga kinaweza kutokea) likitoka, nendeni kwenye jengo imara mlilokubaliana awali. Mkisubiri "Warning" (kimbunga kimeonekana) mna dakika chache tu. King'ora ni cha walio nje, usingizini hamtakisikia. Nunueni redio ya hali ya hewa yenye betri, iwekwe kaunti ya Lee. Kwenye jengo, ghorofa ya chini, bafu la katikati lisilo na dirisha, mtoto avae kofia ya baiskeli, na wote muwe na viatu miguuni.