Tupeane uzoefu: ulijuaje kuwa sampuli yako inatosha?

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba wale waliowahi kufanya utafiti hapa Tanga tuelezane jinsi tulivyoamua idadi ya watu wa kuhojiwa, tukitaja na pale tulipokosea. Naanza mimi.

Nilichunguza kipato cha wavuvi wanaoshukia Sahare, pwani ya hapa Tanga. Kwa kuwa sikujua ni wangapi waliopata hasara, nilikadiria asilimia 50, nikaweka uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 (yaani jibu la sampuli linaweza kupishana na hali halisi kwa kiasi hicho, juu au chini), na kanuni ya Cochran ya kukokotoa ukubwa wa sampuli ikanipa watu 385. Nikawa nawahi pwani alfajiri na kumhoji kila aliyeshuka, mabaharia wapatao 20 kwa kila chombo. Nilipokuwa nikipanga madodoso usiku, niliona jambo lililoninyima usingizi: walioshuka pamoja walikuwa wamejibu vilevile, kwa sababu wamevua pamoja na kugawana pamoja, na siku bahari inapowanyima, inawanyima wote. Karatasi zilikuwa 385, lakini habari zilikuwa za vyombo 19 tu. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja: "Unapima mtu au unapima chombo?" Nikaanza upya, safari hii nikiorodhesha vyombo vyote kwanza, kisha nikahoji watu 2 tu kwa kila chombo nilichokichagua kwa nasibu.

*Mchangiaji wa Mkinga:*
Pole sana kaka. Mimi niliwafuata wakulima wa mwani. Orodha ya kijiji ilikuwa na majina 400, na kwa kanuni ya Yamane ya mwaka 1967, inayotumika idadi ya watu wote ikijulikana, kwa kosa la asilimia 5, nilihitaji 200. Nikachagua majina 200 kamili, nikafika wiki ya bamvua. Kina mama wote walikuwa shambani baharini, kwani maji yakitoka sana ndipo wanapofanya kazi. Niliambulia 141. Nilishawishika kuziba pengo kwa majirani niliowakuta nyumbani, nami nashukuru sikufanya hivyo, maana aliyebaki nyumbani wakati wa bamvua huenda halimi mwani kabisa, na kuongeza watu wa namna hiyo kungeikuza sampuli huku kukiipotosha. Nilisubiri maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana, nikawarudia walewale. Siku hizi nikitarajia kuwakosa watu 20 katika kila 100, nagawa 200 kwa 0.8 na kuchagua 250 tangu mwanzo.

*Mchangiaji wa Pangani:*
Wangu ulikuwa utafiti wa masimulizi ya wakunga wa jadi, kwa hiyo kanuni hizo hazikunihusu. Niliacha nilipofika mkunga wa 14, kwa kuwa watatu wa mwisho hawakuniongezea jambo jipya.

*Mchangiaji wa Korogwe:*
Shikamooni. Mimi ni mwalimu, nataka kosa langu lishuke hadi asilimia 2.5. Nikiongeza watu mara mbili itatosha?

*Mwanzisha mada:*
Marahaba mwalimu. Haitatosha, kwa sababu kosa likipungua kwa nusu, idadi huongezeka mara nne. Kutoka 385 utafika 1,537. Na kama utahoji wanafunzi darasa zima zima, kumbuka mabaharia wangu, kwani waliofundishwa na mwalimu mmoja nao hufanana majibu. Tuambie kwanza: swali lako linamhusu mwanafunzi, darasa au shule?