Watu wahimizwe kupima vinasaba, au kwanza waelimishwe?

Wakuu, naleta hoja, nipingeni. Wengi wanaosema jamii ielimishwe kuhusu vinasaba (DNA), ukiwasikiliza vizuri, wanachotaka ni watu wapime. Tema mate kwenye kichupa, tuma, subiri majibu. Hayo kwangu ni matangazo ya biashara.

Angelina Jolie alitangaza mwaka 2013 kwamba ameondolewa matiti yote mawili kabla hajaugua, kwa sababu ana jeni ya BRCA1 yenye hitilafu, inayoongeza sana hatari ya saratani ya matiti. Watu wakamiminika kupima. Mwaka 2018 Marekani ikairuhusu 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba kwa mate, kuuza kipimo cha BRCA bila kupitia daktari. Kipimo chenyewe kiliangalia hitilafu tatu tu, zinazopatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, wakati zinazojulikana zimepita 1,000. Sasa mtu wa asili nyingine anaambiwa "haikuonekana", anashusha pumzi, na uchunguzi wa matiti anaupiga chenga. Huyo kaelimika nini?

Linalonikera zaidi ni kwamba DNA si yako peke yako. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za kampuni hiyohiyo, kwa nywila zilizokwisha kuvuja kwingine. Wakatoka na taarifa za watu milioni 6.9! Njia ilikuwa ile huduma ya kuwaunganisha wateja na jamaa zao: ukiingia kwa mmoja, unawaona wa ukoo wake waliojiunga. Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika, na watu wakaanza kuhangaika kufuta data zao.

Najua mtanirushia selimundu, na hapo nakubali bila ubishi. Ni ugonjwa wa damu wa kurithi, si wa kuambukizwa, na hata hilo wengi hawalijui: wawili waliobeba jeni yake wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa mgonjwa. Wachumba wapime. Lakini pale swali linajulikana kabla ya kipimo, na kuna mtu wa kuwaeleza majibu. Kichupa cha posta kinakuletea majibu ya maswali ambayo hukuuliza.

Haya, tuanzie hapa: umekutwa na BRCA1 yenye hitilafu, na dada yako alishasema hataki kujua lolote. Unamwambia au unanyamaza?