Wauza suti kavu, acheni kupima buti kwa namba ya kiatu cha mtaani!

Wadau, uzi huu ni wa kuwasema wauzaji na wakodishaji wa suti kavu za kuzamia, zile zisizoingiza maji na zenye hewa ndani. Mteja anaulizwa "unavaa namba ngapi?", anajibu 42, anapewa suti yenye buti za 42, basi, lipa uende. Uzembe mtupu!

Hiyo 42 ni ya mguu wenye soksi nyembamba. Kwenye maji ya nyuzi 2 hadi 4 kama ya ufa wa Silfra kule Iceland, ndani unavaa soksi nene ya sufu. Buti ikibana, sufu inagandamizwa, hewa inayotunza joto inatoka, damu haifiki vizuri, vidole vinakufa ganzi.

Ukilalamika, wanakupandishia namba mbili. Hapo ndipo balaa! Buti pana inakusanya hewa, miguu inaelea juu ya kichwa, kisigino kinachomoka, na pezi la kuogelea unalovalia juu ya buti nalo linaponyoka. Vali ya suti ya kutolea hewa kwa kawaida iko sehemu ya juu ya mkono wa kushoto. Hewa iliyokimbilia miguuni haiwezi kuifikia mpaka ujigeuze, na usipowahi unapaa bila kutaka. Halafu dukani wanakuuzia vizito vya vifundoni, eti ndiyo dawa. Dawa gani, wakati kosa ni buti?

Kuna suti zinazoishia na soksi ya lateksi (mpira mwembamba) au neopreni (mpira mnene wenye vipovu), juu yake unavaa buti za kufunga kwa kamba. Kwa pwani ya mawe hizi ni bora: kamba inabana kifundo, soli ni ngumu, na ikichakaa unanunua buti tu. Buti iliyogundishwa kwenye suti ikipasuka ni kazi ya fundi. Lakini mbona hamsemi kwamba mchanga ukiingia kati ya soksi ya lateksi na buti unaisugua mpaka inatoboka? Suuza zote mbili kila ukitoka majini.

Na mapezi! Pezi lililokaa vizuri kwenye kiatu chembamba cha neopreni mara nyingi haliingii buti ya suti kavu. Unatakiwa pezi la kisigino wazi lenye mkanda wa springi, na ulijaribu ukiwa umevaa vyote: soksi nene, suti, buti. Chuchumaa, piga magoti. Vidole vicheze, kisigino kisinyanyuke.

Duka lisiloruhusu jaribio hilo lirudishe hela za watu.