O(n²) mnaitamkaje kwa mdomo: oda, bigi o au O kubwa?

mwanakodi: Wakuu naombeni msaada, kesho narekodi somo la hii alama ya O, ile inayoonyesha hatua za programu zinavyoongezeka data (n) ikiongezeka, na mpaka sasa sijaamua O(n log n) niisemeje. Kuna "oda ya eni logi eni", kuna "bigi o ya eni logi eni", kuna "O kubwa". Ipi iko poa?

kitanzi: Unamrekodia nani? Wataona skrini au ni sauti tupu? Usipoyasema hayo tutabaki kubahatisha.

mwanakodi: Aah samahani, sauti tupu. Ni watu wanaoanza kabisa.

zuhura_k: Oda. Hiyo O yenyewe ni ya Ordnung, Kijerumani, yaani oda, mwanahisabati Bachmann alianza kuitumia 1894. Ukisema oda ndo umeisema ilivyo.

mzee_wa_kodi: Haya, na Knuth, yule mtaalamu wa kompyuta, 1976 aliiita omikroni kubwa, tuseme omikroni basi? 😂 Bigi o, kila mtu anaijua, yameisha.

kitanzi: Nyie mnapigania O wakati balaa liko mbele yake. Mimi niliwahi kumwelekeza mwenzangu kwa simu, nikamwambia ile njia yako ni kipeo cha pili cha eni, laini inakatakata, jamaa akasikia kipeUo cha pili, rekodi zenyewe laki moja, akapiga hesabu akaona hatua mia tatu na ushee, mbona kitu chepesi, akaipandisha kwenye seva jioni ileile. Kumbe hatua bilioni 10. Seva ikaganda, na aliyeamshwa saa nane usiku ni mimi sio yeye. Tangu siku hiyo nasema "eni mara eni", basi.

zuhura_k: Pole asee. Mi husema eni skweya.

pilipili: Kuna wanaosema "eni mbili", hao sasa ndo hatari, ni 2n au n²?

thetaman: Af wote mnasema O huku mnamaanisha theta, ile inayobana juu na chini. O ni dari tu, hata mejisoti, ile njia ya kupanga data kwa n log n, ukiiita O ya n² hujakosea.

mzee_wa_kodi: Kaanza huyu. Anayeanza umwambie theta atakukimbia.

thetaman: Akimbie, ila kwiksoti, njia nyingine ya kupanga, ikigawa data vibaya inafika n² na wastani wake ni n log n, utamwelezaje?

mwanakodi: Jamani mimi nimeuliza matamshi 😅 Na hiyo logi, nitaje ni ya msingi wa mbili au niache?

pilipili: Acha, ndani ya O msingi haubadilishi kitu.

kitanzi: Logi ikikaa kwenye kipeo msingi unabadilisha, angalia.